Mkeka huharibikia uani, si mkononi

Ndugu Mhariri,

Kila habari za ususi zinapoandikwa magazetini, picha ni ile ile: mama kakaa juu ya jamvi, miguu kainyoosha, vidole vinakwenda, na chini yake pameandikwa kwamba hiyo ni kazi ya kujipatia riziki wakati wa mapumziko. Hatuna ugomvi na picha. Ugomvi wetu ni na hayo maneno ya chini. Ndiyo yanayomfanya mnunuzi aagize mikeka 30 mwezi wa Aprili na kuitaka kabla Mei haijesha, kisha alalamike kuwa wasusi ni wazito na mikeka yao ina koga. Kusuka kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Mkeka mbaya huwa umeshaharibika uani au jikoni, kabla ukili wake, yaani ule utepe unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, haujaanzwa, na anayetaka mkeka mzuri ni vyema ajue kinachofanyika huko.

Tuanze na jani. Ukindu, yaani majani ya mkindu, ulio mzuri hutoka kwenye kuti changa, lile la katikati ya kilele ambalo bado limefumba au ndiyo kwanza linaanza kufunguka. Kuti lililokwisha kufunguka na kupigwa jua kwa muda huwa gumu, ukijani wake hautoki sawasawa, na likichanwa hupasuka kombo. Mkindu huota kwa kichaka, mashina mengi pamoja, lakini kila shina lina kilele kimoja tu. Ukikata kuti, shina linaendelea kuishi. Ukikata moyo wake, shina hilo limekufa, halitoi tawi pembeni. Mvunaji anayejua kazi huchukua kuti moja katika shina, akahamia shina jingine, na halirudii lile la kwanza mpaka kuti linalofuata liwe limefunguka. Wanaofyeka kichaka kizima kwa siku moja ili kujaza gari ndio wanaotufanya tutembee mbali zaidi kila mwaka.

Halafu kuna miiba. Kwenye mkindu, vijani vya chini kabisa ya kuti vimegeuka miiba mirefu na migumu, na ncha yake hukatikia ndani ya nyama. Kisu cha mpini mrefu kinasaidia, na mkono ufungwe kitambaa kizito. Mwiba ulioingia karibu na kifundo cha kidole usichezewe kwa sindano ya kushonea mikeka. Uchafu wake huleta uvimbe wa wiki nzima, na msusi asiye na kidole gumba hana kazi. Aende zahanati.

Miyaa, yaani majani ya mkoma, ni habari nyingine. Jani lake limetanda kama kipepeo cha jikoni, ni nene na lina nguvu zaidi, kwa hiyo linafaa makapu, vikapu na majamvi. Mkeka wa kulalia na msala wa kuswalia hutaka ukindu, ulio mwembamba na laini mwilini. Anayeagiza mkeka wa kulalia kwa bei ya jamvi hupewa miyaa, na mgongo wake humwambia asubuhi.

Sasa kuanika, na hapa tunaomba subira ya wasomaji, maana hapa ndipo mambo yote yanapoharibikia.

Siku ile ile ya kuvuna, vijani hutenganishwa na mti wa kuti na kufungwa vicha vidogo upande wa tako, kila kicha kikiwa chembamba kiasi cha kushikika kwa vidole viwili. Kicha kinene hukauka nje na kubaki kibichi ndani. Wengine huutumbukiza ukindu kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10 hadi 20 kabla ya kuuanika. Jani hulainika na weupe wake huja kwa usawa. Wengine huanika moja kwa moja. Njia zote mbili hufanya kazi, mradi yanayofuata yafuatwe.

Ukindu haulazwi juu ya udongo mtupu. Udongo hutoa unyevu usiku na kuacha madoa. Utandazwe juu ya kichanja, au utundikwe kwenye kamba imara, upepo upite juu na chini. Hutolewa umande ukishakauka, na huanuliwa jua likiwa bado lina nguvu kidogo, si magharibi, kwa sababu jani lililokauka hunywa unyevu wa jioni upesi kuliko nguo. Siku za jua kali, 3 hadi 5 zinatosha. Mawingu yakitanda, ni wiki na zaidi, na kila siku inayoongezeka inaongeza hatari.

Hatari yenyewe ni mvua inayopiga ukindu uliokauka nusu. Ukiwa mbichi kabisa, mvua haiudhuru sana. Ukiwa umekauka kabisa, ukianuliwa haraka na kuanikwa tena unaweza kupona. Ule wa katikati ndio unaota vidoadoa vyeusi ndani ya siku mbili. Vidoa hivyo havitoki kwa kuoshwa wala kwa jua, na hakuna rangi inayovificha isipokuwa nyeusi. Ukiona msusi anaacha chungu mekoni na kukimbilia uani kwa sababu wingu limekuja upande wa baharini, usimcheke.

Kupima kama umekauka, watu hushika ncha, ikikwaruza wakasema tayari. Ncha hukauka siku ya kwanza. Mahali pa kushika ni takoni, pale kijani kilipokuwa kimeshikana na mti wa kuti. Pakunjwe kwa kidole na kuwekwa kwenye midomo. Pakiwa pa baridi na pakikunjika bila sauti, bado pana maji. Hapo ndipo koga huanzia, ikatembea mpaka mwisho wa jani, na ikaonekana miezi miwili baadaye kwenye nyumba ya mteja.

Kwa hiyo kazi ya wakati wa mapumziko iko wapi? Uani pale pale pana kamba ya nguo, kuku, watoto na kuni. Kuanika kunataka mtu nyumbani kutwa, siku 4 mfululizo, aweze kuanua kwa dakika chache. Mwenye kwenda shamba alfajiri humwachia bibi au mtoto aliyekwisha kuwa na akili ya kutazama mbingu. Nyumba isiyo na mtu wa namna hiyo huanika vicha vichache tu kwa wakati, na kasi yake yote ya mwaka inatokana na hapo, si na wepesi wa vidole.

Ukindu mkavu huhifadhiwa juu, usiguse sakafu wala ukuta. Uchaga wa juu ya meko ulikuwa mahali pa kawaida, kwani moshi hufukuza wadudu na joto huzuia unyevu. Lakini moshi hufanya jani kuwa la manjano yenye uweusi na kuacha harufu, na mkeka wa leo unakwenda vyumbani mwa watu wasiopika kwa kuni. Afadhali uchaga wa chumba kingine, vicha vimefunikwa kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa plastiki hapana. Watu huuona kama kinga, kumbe unafungia ndani unyevu mdogo uliobaki, nao ukipoa usiku hugeuka matone.

Kuchana ni kazi ya jicho. Uti wa katikati huondolewa (usitupwe, unafaa ufagio), kisha kila upande huchanwa chane za upana mmoja: milimita 4 hadi 5 kwa mkeka laini, milimita 8 hadi 10 kwa jamvi. Wengi hutumia ukucha au ncha ya kisu. Aliyechomeka sindano mbili kwenye kijiti kwa nafasi aitakayo huchana haraka zaidi na bila kukosea. Chane zisipolingana, ukili hauwezi kunyooka, hata msusi awe hodari vipi. Tena kila chane ni pana na nene takoni na nyembamba nchani. Ncha dhaifu ikatwe mapema. Kuionea huruma ni kuweka pengo katikati ya mkeka.

Rangi. Malalamiko ya pili ya wanunuzi, baada ya koga, ni kwamba mkeka unachuja ukipata maji, au umepauka kabla ya mwaka kwisha. Ni mambo mawili tofauti na yana sababu tofauti.

Kuchuja hutokana na haraka. Jani la ukindu lina ngozi inayong'aa na rangi huingia polepole. Lazima lichemke ndani ya maji ya rangi dakika 30 hadi 45, likigeuzwa, na sufuria isijazwe kupita kiasi. Chane zilizobanana hutoka na mabaka. Kisha sufuria iteremshwe na chane zipoe humo humo, ikiwezekana zilale. Asubuhi zioshwe kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, na zikaushwe kivulini. Wanaoziepua zikiwa moto na kuzianika juani bila kuziosha huziona zinang'aa vizuri, lakini rangi hiyo imekaa juu tu ya jani. Kuijaribu ni rahisi: chane moja ifungwe ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa kwa saa moja. Kitambaa kikipata rangi, chane zirudi kwenye maji.

Kupauka ni suala la rangi yenyewe. Rangi nyingi za unga za bei nafuu huwa kali mwanzoni na jua huzila upesi. Za asili nazo si sawa zote. Manjano na mzingefuri hupendeza siku za mwanzo, lakini hazivumilii mwanga. Mkeka wa barazani usipakwe hizo. Mizizi ya mdaa na magome ya mkoko hutoa rangi za kahawia na nyeusi zinazodumu zaidi, kwa kuwa zina ule ukali unaoshika kwenye jani. Mizizi ipondwe, ilowekwe usiku kucha, uzito wake usipungue uzito wa chane kavu, kisha ichemshwe saa moja na kuchujwa kabla ya chane kutiwa. Kwa rangi za asili nyekundu na njano, shabu husaidia kushika: gramu 100 hadi 150 kwa kilo moja ya chane, iyeyushwe kwenye maji ya moto kwanza. Peke yake shabu haishiki sana kwenye jani kama inavyoshika kwenye sufu. Chane zikitangulia kulala ndani ya maji ya magome ya kuchemsha, hushika zaidi. Sufuria ya chuma hugeuza rangi hizo kuwa za giza. Ukitaka weusi hiyo ni faida, ukitaka wekundu ni hasara.

Rangi ya mkeka mmoja itiwe kwa mara moja. Sufuria ya pili haitafanana na ya kwanza hata kipimo kikiwa kile kile, na tofauti itaonekana mistari ikiwekwa ubavu kwa ubavu.

Na sufuria ya rangi isirudi kupikia chakula. Hili tunaliandika peke yake kwa sababu bado linafanyika, kwa sababu ya uhaba wa vyombo. Unga wa rangi upimwe nje, pua na mdomo vimefungwa kitambaa, watoto wakiwa mbali. Maji yaliyobaki yamwagwe kwenye shimo lililo mbali na kisima. Anayefungua mradi wa kusaidia wasusi na akauliza anunue nini, aanze na sufuria kubwa ya pili na kichanja. Cherehani za mapambo na fulana za semina zinaweza kungoja.

Katika kusuka kwenyewe tutaeleza mambo mawili tu, maana mengine hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayejua. La kwanza ni maji. Chane kavu huvunjika, na chane iliyorowa chepechepe husinyaa ikikauka, hivyo ukili uliokuwa umebana unaachia na mwanga ukapita. Inayofaa ni chane iliyonyunyiziwa maji na kuviringishwa ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa, ikunjike bila kulia wala kutoa tone. Zitolewe kidogo kidogo, za kutosha kukaa mkao mmoja. Zilizobaki zianikwe tena, zisilale zimefungwa. Ndiyo maana wengi husuka asubuhi na jioni, na adhuhuri wakaacha.

La pili ni kuunga. Chane mpya huingizwa ile ya zamani ikiwa bado na urefu wa vidole vinne, zikasukwa pamoja kwa mapigo machache, ndipo ya zamani ikaachwa. Zisiungwe mbili mahali pamoja. Ukili uliosukwa na mtu mvivu hujulikana kwa kuukunja: hukatikia pale chane zote zilipokwisha kwa wakati mmoja. Masazo yanayochomoza yakatwe ukili ukishakauka. Yakikatwa ukiwa na unyevu, ncha hurudi ndani, zikachomoka na ukili ukafumuka.

Tunafika kwenye pima, na hapa tuna ombi. Ukili huuzwa kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa, na kwa hesabu ya mikono 4 (mkono wa kiwiko hadi ncha ya kidole) pima ni kama sentimita 180. Chukua mkeka wa urefu wa pima moja na upana wa sentimita 120. Ukili una upana wa sentimita 6, lakini nusu sentimita huliwa na mshono, kwa hiyo kila mstari unabakisha 5 na nusu. Inahitajika mistari 22. Weka pima 2 za upindo na za kukata, jumla pima 24 za mshonaji. Sasa mwenye kusuka ni mfupi, pima yake ni sentimita 150. Pima zake 24 zinapungua mita 7 na sentimita 20 kwa zile za mshonaji, ambazo ni mistari 4 mizima. Mkeka umepungua upana kwa sentimita 22 na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Hakuna aliyeiba. Tunashauri vikundi vyote vinunue futi ya utepe, ukili uandikwe kwa mita, na upana wake upimwe mahali patatu, si mwanzoni tu. Wazee watasema pima ilitosha enzi zote. Ilitosha kwa sababu aliyesuka ndiye aliyeshona, kwa pima yake mwenyewe.

Kushona kunataka shazia, yaani sindano kubwa ya mikeka, na uzi unaolingana na ukili. Uzi wa nailoni una nguvu, lakini ukivutwa sana hukata kingo za jani; uzi uliosokotwa kwa ukindu wenyewe hukaa vizuri ingawa huchukua muda. Kosa kubwa ni kushona mistari yote kuanzia upande mmoja. Mkono huvuta ukili wa juu kidogo kila mara, na ikifika mstari wa 22 mkeka umepinda kama mwezi mchanga. Mstari mmoja uanze kulia, unaofuata kushoto, na kila baada ya mistari mitatu mkeka utandikwe sakafuni uangaliwe. Ukili nao uwe mkavu kabisa kabla ya kushonwa. Ule uliosukwa wakati wa masika huwa laini na mtiifu, unamfurahisha msusi, lakini kiangazi kikifika husinyaa na kuvuta mishono.

Kwa hiyo, kwa wanaoagiza. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Jani huanikwa vizuri Januari na Februari, na tena kipupwe kinapokauka kuanzia Julai. Anayetaka mikeka mingi atoe malipo ya awali wakati wa kuanika, ili msusi aweze kukaa nyumbani zile siku 4 bila kuhangaikia kibarua cha shamba. Agizo la Aprili linawezekana ikiwa ukindu ulishahifadhiwa. Kama haukuhifadhiwa, mteja anauziwa koga na hatakiwi kushangaa. Kabla ya kupokea mzigo, asiguse juu tu. Mkeka ukunjuliwe wote, unuswe, na kidole kipitishwe kwenye mishono ya katikati, ambako unyevu hukaa mwisho.

Na mkeka ukishafika kwake, uviringishwe, usikunjwe mara nne kama shuka. Jani kavu huvunjika kwenye kunjo na hakuna wa kulishona. Ukichafuka ufutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiloweshwe kwenye beseni, kisha usimamishwe kivulini penye upepo mpaka ukauke pande zote mbili. Ukianza kunuka unyevu, saa mbili za jua la asubuhi zinatosha, ukiwa umegeuzwa upande wa rangi chini.

Ni sisi,
Wasusi wa ukindu na miyaa, Mwambao